Kupimwa kwa Ajili ya Nani?

Mwaka 1864 Bunge la Uingereza lilipitisha, bila mjadala wa maana, Sheria ya Magonjwa ya Kuambukiza. Jina lake halikutaja mwanamke wala zinaa, lakini hayo ndiyo yaliyokusudiwa. Jeshi la nchi hiyo lilikuwa taabani: kati ya kila askari watatu waliougua, karibu mmoja alikuwa na ugonjwa wa zinaa. Vita vya Crimea vilikuwa vimekwisha mwaka 1856 tu, na wakubwa wa jeshi hawakutaka kusikia tena habari za vikosi vilivyoangushwa na maradhi. Njia ya mkato ilikuwa kuwakagua askari wenyewe. Ilishajaribiwa, askari wakachukia, maofisa wakalalamika kwamba inawavunjia watu wao heshima, na mwaka 1859 ikaachwa. Wakabaki wanawake.

Hapo ndipo tunapoianzia habari ya serikali kumchunguza mwanamke anayejiona mzima ili kubaini kama mlango wake wa kizazi umebeba ugonjwa. Ni historia yenye sayansi nyingi na aibu nyingi, na katika kila hatua yake swali limekuwa lilelile: anapimwa kwa ajili ya nani?

Miji ya askari

Sheria ile ilihusu miji ya kambi na bandari, kama Portsmouth, Plymouth, Aldershot na Cork, ikapanuliwa mwaka 1866 na tena 1869. Polisi waliovaa kiraia walipita mitaani wakiwataja wanawake waliowashuku kuwa makahaba. Polisi hakulazimika kuthibitisha shaka yake. Mwanamke ndiye aliyetakiwa kumthibitishia hakimu kwamba siye. Aliyekubali kutia saini aliandikishwa na kukaguliwa kila baada ya wiki mbili. Aliyekutwa na ugonjwa alizuiliwa katika hospitali maalumu, na kufikia 1869 muda wa kuzuiliwa uliweza kufika miezi tisa.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa hivi. Mwanamke alilala chali, miguu ikiwa imetenganishwa, daktari akaingiza spekula, chombo cha kupanua uke ambacho tabibu wa Paris, Joseph Récamier, alikirudisha katika matumizi mwanzoni mwa karne ya 19. Daktari aliinama akatazama: mlango wa kizazi una wekundu? Una kidonda? Unatoa usaha? Akafuata mwingine. Vyombo havikuchemshwa kila mara, kwa kuwa elimu ya vijidudu ilikuwa bado changa. Kipimo kilikuwa macho ya daktari, na kwa macho hakuna ajuaye kutenganisha kisonono na aina nyingine za uchafu wa ukeni. Mwanamke mwenye fangasi aliweza kufungiwa miezi kadhaa, na mwenye kisonono kisicho na dalili akaondoka akiwa amehesabiwa kuwa safi.

Siku ya mwisho ya mwaka 1869 chama cha wanawake kilichoongozwa na Josephine Butler wa Liverpool kilitoa tamko la kuipinga sheria hiyo. Miongoni mwa waliotia saini alikuwa Florence Nightingale. Hoja yao haikuwa kwamba ugonjwa haupo. Walisema sheria inamwadhibu mwanamke na kumwacha huru mwanamume anayeambukiza na kuambukizwa vilevile, na kwamba kumkagua mtu kwa nguvu ni kumshambulia mwili. Tume ya kifalme ya mwaka 1871 ilijibu kwamba wawili hao hawalinganishwi, kwa kuwa mwanamke anafanya kwa malipo na mwanamume anafuata tu msukumo wa maumbile. Butler alizunguka nchi nzima akihutubia wafanyakazi wa viwandani, na wakati mwingine alipigwa mawe. Sheria ilisimamishwa 1883 na kufutwa 1886.

Dola ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuisafirisha. India ilipata sheria ya aina hiyo mwaka 1868. Kwetu Afrika Mashariki fikra hiyo ilifika kwa njia ya Uganda. Mwaka 1908 Kanali F. J. Lambkin, daktari wa jeshi, alitangaza kwamba Buganda imefunikwa na kaswende na kwamba mojawapo ya sababu ni wanawake kuachiwa uhuru mwingi mno. Wataalamu wa baadaye walionyesha kwamba sehemu kubwa ya alichokiona haikuwa kaswende ya zinaa hata kidogo. Hata hivyo kampeni ilianza, watu wakakaguliwa kwa lazima, na hospitali ya Mulago, ambayo leo ni hospitali kuu ya taifa, ilianzishwa mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa.

Kijidudu chapata sura

Wakati wabunge wa London wakibishana, maabara za Ulaya zilikuwa zikifanya kazi nyingine. Mwaka 1872 Emil Noeggerath, daktari Mjerumani aliyefanya kazi New York, alichapisha maandishi yaliyowaudhi wenzake. Alidai kwamba wanawake wengi walioolewa wakiwa wazima, kisha wakaanza kuumwa tumbo la chini na kukosa watoto, waliambukizwa na waume zao. Waume hao waliugua kisonono ujanani, dalili zikaisha, wakajiona wamepona. Noeggerath alisema hawakupona, ugonjwa ulijificha. Madaktari walimcheka. Kwao mke wa mtu mwenye heshima hakuwa na njia ya kupata ugonjwa wa makahaba.

Miaka saba baadaye Albert Neisser, daktari wa umri wa miaka 24 mjini Breslau, alipaka usaha kwenye kioo, akautia rangi, na kuuweka chini ya hadubini. Aliona vijidudu vilivyokaa viwiliviwili, ubavu kwa ubavu, kama nusu mbili za punje ya kahawa. Aliviona kwa wanaume, kwa wanawake, na kwenye usaha wa macho ya watoto wachanga. Kisonono kikawa na sura. Ernst Bumm alipoviotesha mwaka 1885, ubishi ukaanza kuisha, na Noeggerath akaonekana kuwa aliona mbali.

Macho ya watoto ndiyo yaliyofungua mlango wa pili. Mjini Leipzig, mwaka 1880, Carl Credé alianza kuwatia watoto wachanga tone la naitreti ya fedha katika kila jicho mara tu walipozaliwa. Kabla ya hapo, katika hospitali yake, takriban mtoto mmoja kati ya kumi alipata ugonjwa wa macho. Baada ya hapo idadi ilishuka chini ya mmoja kwa mia. Watoto wasiohesabika waliokolewa na upofu. Lakini tazama kilichofanyika: mtoto alitibiwa macho, na mama ambaye mlango wake wa kizazi ndio ulioambukiza macho hayo alirudi nyumbani na ugonjwa wake. Hata hapo mama alikuwa njia tu ya kumfikia mwingine.

Bado kulikuwa na fumbo. Baadhi ya watoto waliugua macho ingawa usaha wao haukuwa na kijidudu cha Neisser. Jibu lilianza kuonekana Java, ambako Neisser aliongoza msafara wa kuchunguza kaswende kwa kutumia nyani wakubwa. Mwaka 1907 wasaidizi wake wawili, Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek, walichukua ute kutoka macho ya wagonjwa wa trakoma, wakampaka orangutani, kisha wakaona ndani ya seli vijifuko vyenye chembechembe ndogo mno. Miaka miwili mitatu baadaye vijifuko hivyohivyo vilionekana kwenye macho ya watoto wachanga, kwenye milango ya kizazi ya mama zao, na kwenye mirija ya mkojo ya baba zao. Familia nzima ilikuwa na ugonjwa mmoja uliokuwa bado hauna jina la kukubalika.

Leo tunauita klamidia. Ulichelewa kufahamika kwa sababu bakteria wake huishi ndani ya seli ya binadamu tu, na hawaoti kwenye sahani ya maabara kama wale wa kisonono. Kwa muda mrefu walidhaniwa kuwa kirusi. Mwaka 1957 T'ang Fei-fan na wenzake wa Beijing walieleza namna walivyowaotesha ndani ya mayai ya kuku. Mwaka 1959 Barrie Jones na wenzake wa London wakawapata kutoka kwenye mlango wa kizazi wa mama aliyezaa mtoto mwenye macho mabovu. Mwaka 1965 ikapatikana njia ya kuwaotesha katika seli zilizokuzwa maabara. Sasa ugonjwa wa pili uliweza kutafutwa.

Kuwatafuta wasiolalamika

Maarifa hayo yalileta habari nzito. Mlango wa kizazi hauna hisia kali za maumivu, na uko mahali ambapo mwenyewe hauoni. Mwanamume mwenye kisonono kwa kawaida huhisi kuungua wakati wa kukojoa, akaona usaha, akaenda kutafuta dawa. Kwa wanawake, karibu nusu ya wenye kisonono hawana dalili yoyote, na kwa klamidia wasio na dalili ni saba kati ya kumi au zaidi. Wasichana wamo hatarini zaidi kwa sababu ya maumbile: katika umri mdogo, aina ya seli ambazo bakteria hawa huzipenda huwa zimejitokeza nje ya mlango wa kizazi, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo zinavyorudi ndani.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa mgonjwa hafichi kitu. Ugonjwa ndio unaomficha. Bakteria hupanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Mjini Lund, Sweden, Lars Weström na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi wanawake ambao uvimbe wa mirija yao ulithibitishwa kwa kuchungulia ndani ya tumbo kwa kifaa. Baada ya shambulio moja, takriban 8 kwa mia walikuwa wagumba kwa sababu ya mirija kuziba. Baada ya mawili, karibu 20. Baada ya matatu, 40. Wengine mimba zao zilitunga nje ya kizazi. Mwanamke huyo huambiwa kwamba amerogwa, au kwamba alitoa mimba usichanani, na mume humtafutia mke mwenza, kumbe aliyemletea ugonjwa huenda ni mume huyohuyo.

Kwa hiyo kungoja malalamiko hakukutosha. Ilibidi kuwafuata wasiolalamika. Mwaka 1964 Wamarekani wawili, James Thayer na John Martin, walitengeneza chakula cha bakteria chenye dawa zinazoua vijidudu vingine na kukiacha cha kisonono kiote. Kuanzia hapo kijiti chenye pamba, kikipitishwa kwenye mlango wa kizazi, kiliweza kutoa jibu hata kwa mwanamke asiye na dalili. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilianza kugharamia upimaji wa namna hiyo nchi nzima. Wanawake walipimwa wanapofuata uzazi wa mpango na wanapokuja kliniki ya wajawazito. Mwaka 1978 wagonjwa walioandikishwa walizidi milioni moja. Baada ya hapo hesabu ikaanza safari ndefu ya kushuka.

Klamidia ilifuata. Kuanzia 1988 kliniki za uzazi wa mpango katika majimbo ya kaskazini-magharibi ya Marekani zilianza kuwapima wasichana, na katika muda wa miaka saba hivi kiwango cha waliokutwa nayo kilishuka kwa zaidi ya nusu. Ushahidi uliosubiriwa zaidi ulitoka Seattle mwaka 1996. Delia Scholes na wenzake waligawa kwa bahati nasibu wanawake zaidi ya 2,600 wenye umri kati ya miaka 18 na 34: kundi moja lilialikwa kupimwa klamidia, jingine likaendelea na huduma ya kawaida. Baada ya mwaka, uvimbe wa mirija na nyonga katika kundi lililoalikwa ulikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu. Mwanamke alialikwa, aliweza kukataa, na faida ilikuwa yake. Ilichukua zaidi ya karne moja tangu sheria ya 1864 kufika hapo.

Majengo, Kinshasa, Mwanza

Kwetu mambo yalikwenda kwa mkondo mwingine, kwa sababu ya UKIMWI. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walikuwa wakichunguza magonjwa ya zinaa jijini Nairobi. Walipouliza wanaume walikoupata ugonjwa, majibu mengi yaliwapeleka Pumwani, mtaa wa Majengo, kwa wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono. Mwaka 1985 damu zao zilipopimwa, theluthi mbili ya wale wa kipato cha chini walikuwa na VVU.

Historia ya 1864 ingeweza kujirudia hapo. Kilichoizuia kwa sehemu kubwa ni kazi ya muuguzi, Elizabeth Ngugi, ambaye hakutuma polisi. Aliitisha mabaraza. Wanawake walikaa pamoja, wakaambiwa matokeo ya uchunguzi, wakachagua viongozi wao, wakajadili namna ya kumlazimisha mteja avae kondomu. Waliokuja kliniki walikuja kwa miguu yao, wakachunguzwa mlango wa kizazi na kutibiwa. Matumizi ya kondomu yalipanda sana, na wanawake wa Majengo wakaendelea kushirikiana na watafiti kwa miongo kadhaa.

Kinshasa nako Marie Laga na wenzake waliwafuatilia wanawake wa kazi hiyohiyo, wakiwapima na kuwatibu kila mwezi. Mwaka 1993 walitoa matokeo mazito: mwanamke mwenye kisonono kwenye mlango wa kizazi alikuwa na uwezekano wa kuambukizwa VVU mara nne hadi tano zaidi ya asiyenacho, na mwenye klamidia zaidi ya mara tatu. Mlango wa kizazi uliovimba hukusanya zile seli ambazo VVU huzitafuta. Kwa miaka mitatu ya kupima, kutibu na kuhimiza kondomu, maambukizi mapya ya VVU katika kundi hilo yalishuka kutoka karibu 12 hadi kati ya 4 na 5 kwa kila wanawake mia kwa mwaka.

Lakini kijiji hakina maabara ya Kinshasa. Mwaka 1991 mkoani Mwanza ulianza mradi ambao wanafunzi wa afya ya jamii duniani kote husoma habari zake hadi leo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania, shirika la AMREF na chuo cha afya ya kitropiki cha London walichukua maeneo 12 ya vijijini na kuyapanga jozi sita. Katika kila jozi, vituo vya afya vya upande mmoja vilipata dawa za uhakika, na wahudumu wao wakafundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, bila maabara. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 upande wenye huduma na asilimia 1.9 upande wa pili. Heiner Grosskurth, Frank Mosha na wenzao walitangaza matokeo Agosti 1995. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jaribio la namna hiyo kuonyesha kwamba zahanati ya kawaida inaweza kupunguza VVU kwa karibu asilimia 40. Huko Rakai, Uganda, jaribio la kugawa dawa kwa watu wote halikuonyesha mafanikio hayo, na wataalamu walibishana kwa miaka mingi kuhusu sababu.

Ushindi wa Mwanza ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa na upande ambao haukutazamwa vya kutosha. Tiba ya kufuata dalili humsaidia zaidi mwenye dalili, na mwenye dalili kwa kawaida ni mwanamume.

Chati ya ukutani

Anayeijua zahanati ya miaka hiyo anaikumbuka chati iliyobandikwa ukutani, ya vijisanduku na mishale, iliyotokana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Sanduku la kwanza: mgonjwa analalamika kutokwa na uchafu ukeni. Mshale unashuka kwenye maswali. Una umri chini ya miaka 21? Hujaolewa? Umepata mpenzi mpya ndani ya miezi mitatu? Una zaidi ya mmoja? Mwenzako ana dalili? Ukijibu ndiyo mara za kutosha, unatibiwa kisonono na klamidia pamoja na magonjwa ya ukeni. Ukijibu hapana, unapewa dawa ya ukeni peke yake.

Sasa mweke mbele ya chati hiyo mama wa miaka 30, mke wa ndoa, anayewashwa na kutokwa na uchafu. Sista anauliza kwa sauti ya chini, maana nje ya pazia foleni inasikia. “Mama, una mwenza mwingine?” Mama anashtuka. “Mimi nina mume wangu tu.” Huenda ana fangasi au kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa ukeni, ambavyo ndivyo visababishi vya mara nyingi zaidi vya uchafu. Akipewa dawa za zinaa pamoja na kikaratasi cha kumwita mumewe, anakwenda nacho nyumbani, na kwa ugonjwa asiokuwa nao anaweza kupoteza ndoa. Nyuma yake katika foleni yupo binti wa miaka 20 aliyekuja kuchoma sindano ya uzazi wa mpango. Hawashwi, hatokwi na kitu, hana cha kulalamikia, hivyo chati haina sanduku lake. Ana klamidia. Anachoma sindano, anakwenda zake.

Kwamba binti huyu si wa kubuniwa kunathibitishwa na hesabu. Kati ya 2015 na 2018, wanawake 7,829 wa Kenya, Zambia, Afrika Kusini na Eswatini walishiriki katika utafiti wa njia za uzazi wa mpango. Walikuwa wanawake wa kawaida waliotaka kupanga uzazi. Walipopimwa mwanzoni, 18 kwa mia walikuwa na klamidia na 5 kwa mia walikuwa na kisonono. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake na kupendekeza kipimo cha maabara cha vinasaba, chenye majibu ya siku hiyohiyo, pale kinapowezekana, kwa mwanamke mwenye uchafu ukeni. Chati ilikuwa imekiri upungufu wake.

Mashine ya kifua kikuu

Kipimo hicho cha vinasaba kilipatikana kibiashara tangu mwaka 1993, kwanza kwa klamidia. Kinatafuta vinasaba vya bakteria, na kwa kuwa hakihitaji bakteria hai, hakihitaji spekula. Mwanamke huingia chooni na kijiti chenye pamba, anakipitisha mwenyewe ukeni kwa sekunde chache, anakirudisha. Usahihi wake ni sawa na wa kijiti kilichochukuliwa na daktari. Chombo cha Récamier, kilichotumika kuwadhalilisha wanawake wa Portsmouth, hakina kazi tena katika uchunguzi huu.

Bahati nyingine ilikuja kwa mlango wa nyuma. Kuanzia mwishoni mwa 2010 mashine za GeneXpert zilisambazwa Afrika kwa ajili ya kifua kikuu. Mashine hiyohiyo, ikiwekewa katriji nyingine ya kupimia, hupima kisonono na klamidia kwa muda wa dakika 90 hivi. Nchi zetu zinazo mashine hizo katika hospitali nyingi za wilaya na kaunti. Kinachokosekana ni bajeti ya vifaa vya kupimia, ambavyo bei yake bado ni kubwa kuliko ya dawa yenyewe.

Wapo waliotafuta njia ya kukwepa kipimo. Kisumu, kati ya 2020 na 2022, wanawake vijana 449 waliokuwa wakitumia dawa za kujikinga na VVU waligawanywa: nusu wapewe doksisaiklini ya kumeza baada ya ngono, nusu wasipewe. Kwa wanaume wa Marekani njia hiyo ilikuwa imefanya kazi. Kisumu haikufanya kazi. Maambukizi 109 yaliyotokea, mengi yakiwa klamidia, yaligawanyika karibu sawasawa. Nywele za baadhi ya wanawake zilipopimwa, dalili za dawa zilionekana katika chini ya theluthi ya sampuli. Wengi hawakuwa wakimeza. Dawa ya kuficha pochini ina mwisho wake pale mwanamke asipokuwa na uhuru wa kuimeza. Na maambukizi yote hayo yalijulikana kwa sababu moja tu: wanawake hao walikuwa wakipimwa kila baada ya miezi mitatu.

Uingereza nayo ilijifunza upya. Mwaka 2003 ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupima klamidia vijana wote wa chini ya miaka 25. Juni 2021 ikabadili shabaha: mwanamke kijana apimwe hata bila dalili, kwa sababu madhara makubwa yako kwake, na lengo litajwe wazi kuwa ni kumkinga yeye. Nchi iliyowahi kuwafungia wanawake ili kuwalinda askari ilifika huko baada ya miaka 157.

Hesabu iliyobaki

Ipo hatari ya kuchanganya mambo, na ni vizuri msomaji aijue. Leo mlango wa kizazi unapimwa Afrika Mashariki, lakini mara nyingi kwa saratani. Harald zur Hausen alionyesha mwaka 1983 kwamba kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa ngono, kipo kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Rwanda ilianza kutoa chanjo yake kwa wasichana mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Mama anayepakwa siki kwenye mlango wa kizazi na kuambiwa “uko salama” amepimwa dalili za awali za saratani. Hajapimwa kisonono wala klamidia. Wengi hurudi nyumbani wakiamini wamemaliza yote.

Kumbe mambo hayo yanaweza kwenda pamoja. Mashine ileile ya GeneXpert hupima na HPV, na kijiti cha kujichukulia ni kilekile. Kliniki ya uzazi wa mpango na ya wajawazito ndizo mahali pa kuanzia, kwa maana mwanamke yupo pale tayari, na hakuna anayemnyooshea kidole kwa kuwa pale. Huko Marekani walianzia hapohapo.

Kipimo peke yake hakitoshi. Jaribio la London lililochapishwa mwaka 2010, la wanafunzi wa kike zaidi ya 2,500, lilionyesha kwamba wengi waliopata uvimbe wa nyonga ndani ya mwaka hawakuwa na klamidia walipopimwa mwanzoni, huenda waliambukizwa baadaye. Kupima mara moja na kusahau ni kujidanganya. Na aliyetibiwa, akirudi kwa mwenza asiyetibiwa, anaweza kuambukizwa upya ndani ya wiki chache. Noeggerath alilisema hilo mwaka 1872, Butler akalisema kwa lugha ya haki, na bado mpaka leo katika zahanati nyingi mwanamume haonekani.

Dada unayekwenda kliniki wiki hii, uliza: “Naweza kupimwa kisonono na klamidia, hata kama sina dalili?” Ukiambiwa hakipo, waambie waandike kwamba umekiomba, kwa sababu wizara hununua kinachoombwa. Na wewe kaka, ukipewa kikaratasi, nenda siku hiyohiyo. Wanawake wamepimwa kwa ajili ya jeshi, kwa ajili ya waume, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya takwimu za VVU. Imebaki wapimwe kwa ajili yao wenyewe, kwa hiari yao, na wapewe majibu yao mikononi.